Chupa ya Kijani kwa Mama Hamudi

Mkomaindo, Masasi
4 Julai 1993

Mpendwa wifi yangu Rahima,

Assalaam aleikum. Mzima wewe? Hamudi mzima? Kaka yangu Mahmudu bado anakoroma? Sisi huku hatujambo, isipokuwa vumbi.

Sasa fungua hicho kifurushi, lakini fungua ukiwa peke yako. Juzi nimefungua marobota yangu ya mitumba, ndani ya mkoba mmoja wa kizungu nikakuta chupa ya kijani, imejaa karibu yote. Nikampelekea Husseni mwenye duka la vipodozi. Akanusa, akafumba macho, akasema haya ni marashi ya zamani sana ya Ulaya, ya mabibi wenye heshima zao, siyo haya maji ya sukari yaliyojaa madukani siku hizi. Jina lake ni la Kifaransa. Husseni alilisoma mara tatu, na kila mara likatoka tofauti.

Nimejipaka siku mbili. Si ya udi wala waridi, wifi. Yana ubichi fulani. Lakini mimi nakaa sokoni, nitajuaje uwezo wake? Wewe unayeamka alfajiri kumbebea mumeo mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho ndiye wa kuyapima. Nakumbuka mlipokuja hapa mwaka jana, unga ule ulikuwa umewaingia hadi kwenye nywele, basi zima liliwageukia. Jipake, kisha niandikie: asubuhi yanakuwaje, mchana yanakuwaje, jioni yamebaki nini.

Jambo moja. Usiseme yametoka kwangu. Mama nimemwahidi kanga tangu Idi na bado sijampelekea. Akisikia nimemtumia mkwewe marashi, sitakanyaga Newala. Niapie.

Anakuletea Mwalimu Danieli wa shule ya huko kwenu. Mkewe yuko Lulindi, kila mwisho wa mwezi anapita hapa.

Ni mimi wifi yako mkorofi,
Shakila


Newala
12 Julai 1993

Wifi Shakila,

Waaleikum salaam. Tunapumua, tunakula, tunashukuru. Mama anakohoa kidogo kwa baridi ya asubuhi, lakini sauti yake ya kufokea kuku haijapungua. Nimeapa. Sitasema.

Haya, ripoti yako. Ukijipaka tu, ni kama umevunja kikonyo cha jani la boga, kile kijimaji kinachoruka. Kwanza sikuyapenda. Nikajiuliza, mtu analipia harufu ya shambani ya nini, na mimi ninayo bure? Saa tatu hivi, jua likipanda, ule ukali unalala, kinabaki kitu kama sabuni ya wageni na ua ambalo sijui jina lake. Salfa inapigana nayo, wifi! Asubuhi salfa inashinda. Ikifika adhuhuri marashi yanashinda. Magharibi vyote viwili vimechoka, najinusa mwenyewe tu.

Na ujue huku maji ni ya shida, bomba linatoa siku linapojisikia. Nikirudi shamba asubuhi naoga nusu ndoo, kisha napaka shingoni na kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze sijioni gunia la dawa. Kaka yako aliinuka, akachungulia nyuma ya nyumba, akauliza nani anakata majani. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Hamudi tu ndiye ananisumbua siku mbili hizi. Nikimweka titini mchana analia, anageuza shingo. Labda tumbo.

Wako,
Mama Hamudi


Mkomaindo
18 Julai 1993

Wifi,

Salamu nyingi kuliko mzigo wa mitumba. Huku heri, ila mwanangu anaanza mafua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, majirani wakadhani nina mgeni. Sasa acha ubahili. Husseni anasema marashi ya namna hii hukaa panapopata joto la mwili, kwa hiyo pale kifuani usipaogope, paka vizuri. Ndiyo kazi yake.

Mtoto kulia ni kulia. Wangu alilia miezi sita mfululizo na leo ananijibu mbovu. Mpe muda.

Shakila


Newala
29 Julai 1993

Wifi Shakila,

Salaam. Afya sina ya kukuambia.

Hamudi hanyonyi. Usiku usiku anashika kidogo, lakini asubuhi nikirudi shamba anapiga kelele nikimsogeza tu. Tunampa maji ya uji kwa kijiko, miezi mitatu hiyo! Kliniki mstari kwenye kadi yake umeshuka.

Jumatatu mama alisema neno mbele ya shangazi na mume wangu. Alisema mtoto amebemendwa. Kwamba nimetoka nje ya ndoa nikiwa nanyonyesha, na mwanangu ndiye anayelipia. Kisha akauliza, "Na harufu hiyo umeitoa wapi? Nani anakupa?" Nilikuwa nimekuapia. Nikanyamaza. Wifi, kunyamaza kwangu ndiko kulikomwumiza Mahmudu. Amehamishia mkeka wake chumba cha nje. Hanigombezi. Heri angenigombeza.

Utaniuliza kwa nini sijayaacha. Nikiacha ghafla watasema ameona aibu, amekiri. Kwa hiyo kila siku najipaka na kupita mbele yao kichwa juu, huku nakufa.

Ijumaa ya wiki ijayo wameita wajomba zangu. Nikaseme jina la mwanamume, ndipo mtoto atibiwe. Jina la nani, wifi? Nifungulie mdomo. Naogopa mtoto atakufa nikiwa bado natunza kiapo cha chupa.

Rahima


Mkomaindo
1 Agosti 1993

Rahima, mke wa kaka yangu,

Sikusalimii. Soma haraka. Danieli anapanda basi la kwanza.

Nimekwenda na barua yako mkononi kwa Sista Agatha, mkunga, tunasali upande tofauti lakini ndiye aliyenizalisha. Akaisoma yote. Akauliza swali moja tu: "Anajipaka nini kifuani?" Nikamtajia marashi. Anasema mtoto mchanga anamjua mama kwa harufu. Usiku marashi yamekwisha nguvu, anakujua. Mchana anakutana na mtu mgeni. Salfa alikuwa ameizoea tangu tumboni.

Oga kwa sabuni ya kufulia, kifua na shingo. Usivae nguo uliyoipaka. Kaa naye pasipo kelele, usimlazimishe. Asiponyonya hadi kesho yake, mpeleke hospitali, usingoje mtu.

Ningekuja mwenyewe kupiga magoti. Mafua ya mwanangu yamegeuka surua, siwezi kuileta kwa Hamudi. Kwa hiyo haya yanayofuata Danieli ayasome kwa sauti, wote wakiwepo:

Mama, shikamoo. Kaka, shikamoo. Marashi nimempa mimi Shakila. Nimemwapisha asiseme kwa kukuogopa wewe mama. Ni mimi pia niliyemwambia apake kifuani. Mke wa kaka yangu hana mwanamume yeyote zaidi ya Mahmudu. Mkitaka kumwita mtu mbele ya wajomba, niiteni mimi.

Shakila


Mkomaindo
9 Agosti 1993

Rahima,

Ijumaa imepita. Sijapata neno. Mwanangu anapona, lakini mimi sili. Kila basi la Newala likisimama nakwenda kumwangalia utingo usoni kabla hajasema kitu. Nitumie hata karatasi tupu, nijue mko hai.

Shakila


Newala
11 Agosti 1993

Wifi yangu Shakila,

Assalaam aleikum warahmatullah. Tu wazima. Nimeanza na hilo ili uketi, upumue.

Basi la Danieli liliharibika njiani, akafika Jumatano akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama alitaka kumpa chai kwanza. Akakataa, akasoma amesimama. Alipofika kwenye jina lako Mahmudu alitoka nje. Mama aliinuka. Aliingia ndani akatoka na ndoo ya maji, ile iliyobaki ya wiki nzima, akanishika mkono, akaniogesha mwenyewe nyuma ya nyumba kama mwali. Ndoo nzima, wifi! Hadi tone la mwisho.

Nikamchukua Hamudi. Aligeuza shingo kwa mazoea. Sikumlazimisha. Akarudi, akanusa, akanishika. Nilisikia anavyomeza. Mama alikuwa ameketi ukutani, naye akaanza kulia kwa sauti, nikamwambia mama, nyamaza, utamshtua.

Wajomba walikuja Ijumaa vilevile. Mama aliinuka mbele yao na mbele ya shangazi akasema, "Niliwaita kwa ajili ya kosa. Kosa ni langu, la ulimi." Wakala wali, wakaondoka. Mahmudu amerudisha mkeka wake. Siku ya kwanza hakuweza kuniangalia, na mimi sikumsaidia.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka uhakika. Jana kliniki mstari umepanda. Nesi amechora nukta, nikamwomba airudie nione.

Marashi yenyewe ni mazuri, sitayasingizia. Nimeyafunga kwenye sanduku hadi mtoto aache ziwa, kisha nitajipaka mchana kweupe na kila mtu atajua yametoka kwako. Nilikukasirikia, wifi. Siku nne nilikuchukia kabisa. Sasa imekwisha, na ninacheka ninapoandika, na huyu hapa ananyonya huku ananipiga mateke mkononi, ndiyo maana mwandiko umekwenda hovyo.

Zawadi zako nitazipokea zote. Siri zako, baki nazo.

Wifi yako,
Mama Hamudi