Gari la Kukodi Kule Awasse

Mjukuu wangu Zainabu,

Salamu zako zimefika. Huku Palma tu wazima, na mjomba wako sasa anawapikia wageni wa kampuni ya gesi.

Unasema gari la kukodi linakungoja stesheni ya treni hapo Bologna, nawe unaogopa kulichukua. Mimi ujanani nilikodi gari Awasse, nimkimbize bibi yako mwenye uchungu wa kujifungua hospitali ya Mocímboa. Nilikaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, nisiwashe.

"Unaogopa?" mwenye gari akauliza.

"Sana, mzee."

"Basi nenda. Asiyeogopa simpi gari langu."

Nikaendesha polepole, bibi yako akinifokea njia nzima. Tulifika, na kabla ya adhuhuri mama yako akazaliwa. Niliporudisha gari, yule mzee hakulikagua. Aliuliza tu jina la mtoto.

Kalichukue, mjukuu wangu.

Babu yako, Saide