Haikuwa Baridi

Tassia, Nairobi
13 Mei 2025

Mpendwa kaka Ndirangu,

Natumaini wewe na Waringa mko wazima, na kifua cha mtoto kimepoa. Sisi hapa tuko salama. Simu zangu hushiki, kwa hivyo nimeandika. Chege wa lori atakupa barua hii mkononi akija kupakia viazi huko Kinangop.

Nimekukasirikia, kaka. Ule ujumbe wa simu wa kutabiri bakajani, ugonjwa unaoozesha viazi, nilikuwa nakusomea kila ulipoingia, hata nikiwa sokoni Gikomba na wateja wamejaa kibandani. Mwezi wa nne mvua ilipokatika, ujumbe ulisema wazi: ni kukavu, ugonjwa hauwezi kushika, msinyunyize dawa. Wewe ukanyunyiza kila Jumamosi. Ukaniambia, "Baba alinyunyiza Jumamosi, na hakuwa na simu."

Kisha Jumatatu moja likaja onyo: ukungu na mvua siku nne mfululizo, nyunyizeni kabla ya Jumatano. Ukanijibu, "Sawa." Kumbe dawa ulikuwa umeimaliza wakati wa jua. Ungeniambia siku hiyo, ningeituma na Chege. Ukangoja Jumamosi yako, na kufikia hapo majani ya shamba la Mama yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Hayo ningeyameza. Lakini ukamwambia Mama ni baridi ya usiku iliyochoma, naye akakuamini. Siku tatu ameinama na magoti yale mabovu, akichimba akitafuta viazi vya kuokoa, akitoa vilivyooza. Mimi nikaja kuambiwa na jirani.

Jumapili nilimpigia Mama simu nikamweleza yote. Akasema, "Basi huo ujumbe uwe unakuja kwangu. Kusoma najua." Sasa nambari iliyoandikishwa ni yake.

Jana amepata wa kwanza: ukungu kuanzia Ijumaa. Viazi vya shamba la juu bado ni vizima, na Chege amebeba dawa. Nyunyiza Alhamisi asubuhi. Mama atakuwa hapo shambani akikuangalia. Kabla hujabeba pampu mgongoni, mwambie kwa mdomo wako kwamba haikuwa baridi.

Nisalimie Waringa na mjomba Irungu. Mungu awafunike na alinde kile kilichobaki.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na mapenzi yale yale,
Kate