Namba za Kioo Alizopigiwa Faustini

Gisenyi,
Jumapili, 1998

Dada Godeliva,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, kisha nenda ukakae peke yako kabla hujaendelea, maana barua hii hutaweza kumsomea yote. Miguu yake imepungua kuvimba? Kahawa mmeshaianika, au mvua za Karagwe bado zinawachezea? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umefungwa bandeji na karatasi haitulii, ndiyo maana mwandiko umelala. Usiogope, vidole vyote vipo.

Faustini amefariki. Ni yule baba aliyerudi kutoka Goma, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja ofisini. Wamemuua kwa sababu ya karatasi yenye vipimo vya skrini ya kompyuta. Najua ukisoma hivyo unadhani nimechanganyikiwa, basi ngoja nianze mwanzo.

Kazi yetu unaijua: tunaandika majina ya waliouawa na waliochomewa nyumba huku milimani, ili familia zao zipate mabati na mbegu. Skrini yetu ikafa. Mwenye duka kule Kigali akasema hawezi kutuma nyingine bila kutajiwa vipimo. Mimi nilidhani kioo hupimwa kama meza, upana na urefu. Faustini akacheka.

"Konsolata, na hiyo Kiswahili yako ya redio, hii haujui?"

Akachukua futi kamba, akaibana kwenye kona ya chini, akaivuta kimshazari mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Akaniambia inchi za skrini huhesabiwa hivyo, tena kiwandani wanahesabu hata ukingo wa kioo uliofichwa ndani ya plastiki. Yetu inaitwa ya inchi kumi na tano, lakini jicho linaona pungufu ya kumi na nne. Picha nayo ni nukta tupu, mia nane kwa upana na mia sita kwa urefu. Kati ya nukta na nukta hakuna hata theluthi ya milimita. Na kioo kinachorwa upya mara sitini kila sekunde, ndiyo maana macho yanatuuma jioni. Akaandika yote kwenye kikaratasi: 15, 800 x 600, mm 0.28, 60. Akakikunja, akakitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kwenda mtaa wa Mbugangari kumpigia simu mwenye duka.

Siku mbili kabla ya hapo basi dogo lilikuwa limeshambuliwa na waasi kwenye barabara ya Kanama. Watu walipigwa risasi wakiwa wamekaa vitini, kisha gari likatiwa moto. Majina yao tulikuwa tumeyaandika kwa mkono, Faustini na mimi. Mmoja alikuwa mdogo wa dereva wa Mbugangari aitwaye Kalisti, na Kalisti huyo ndiye aliyekuwa anaongoza wanaume wa doria waliofunga njia asubuhi aliyopita Faustini. Walikuwa na marungu na bunduki moja. Wakampekua Faustini, maana kila aliyerudi kutoka Goma hushukiwa kuwa mpelelezi wa waasi, wakakiona kikaratasi.

Muuza parachichi mmoja alikuja mbio ofisini, kanga mkononi. "Dada, kimbia! Ule mwenzako banamuua!"

Nilipofika alikuwa chini. Jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, shati limekuwa jekundu mpaka mkandani. Kalisti alikuwa amemkanyaga mgongoni, ameshika kikaratasi juu ili kila mtu akione.

"Sitini! Munaona? Hii ni muzinga ya milimita sitini! Na mia nane ni mita, mia sita ni mita. Kumi na tano ni saa ya kutupiga!"

"Ndugu, hivyo ni vipimo vya kioo cha kompyuta," nikasema.

"We unatoka wapi?"

"Ofisini, pamoja naye."

Rungu likamshukia tena Faustini. Nikaweka mkono wangu katikati, na hapo ndipo mfupa ulipopasuka. Sikuhisi maumivu, nilisikia mlio tu. Nikapiga kelele kwamba kioo chenyewe kipo, waje wapime, na kama nimesema uongo watuue wote wawili. Dada, niliyasema maneno hayo kwa kinywa changu.

Wakamburuta mpaka ofisini. Alama ya visigino vyake ilibaki kwenye vumbi njia nzima. Kalisti akanyakua futi kamba, akapima kioo kwa upana. "Kumi na moja! Wongo!" Teke likampata Faustini tumboni. Nikamwambia asipime hivyo, apime kona kwa kona. Akapima. Pungufu ya kumi na nne.

"Iko wapi kumi na tano?" Akamchukulia mwenzake bunduki, akaielekeza kwangu.

"Ipo ndani ya plastiki. Niruhusu nifungue."

Nilifungua skrubu kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia. Faustini alikuwa sakafuni, anahema kama mtu anayekunywa maji. Nilipoliondoa bamba la nyuma akaongea, na damu ikatoka pamoja na maneno: "Konsolata, usiguse ile kamba nyekundu ya umeme. Inaweza kukuua." Hata pale, dada, alikuwa ananilinda mimi.

Nikakivua kioo kutoka kwenye fremu yake, nikakilaza juu ya meza. Ukingo uliokuwa umefichwa ukaonekana. Nikamwambia Kalisti apime mwenyewe. Akaweka futi kona, akavuta, akainama. Inchi kumi na tano kamili. Mwenzao mmoja akaokota bamba la nyuma, akafuta vumbi, akasoma kwa sauti: "Sitini. Iko imeandikwa hapa, Kalisti. Sitini ya kiwanda."

Wakatoka mmoja mmoja. Kalisti alibaki wa mwisho, akalaza kikaratasi mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akaenda.

Faustini aliishi siku tatu. Daktari alisema bandama limepasuka na damu inamwagikia ndani. Mke wake alivuka mpaka kutoka Goma, akamkuta bado anaongea. Alimwambia tu kwamba ana kiu. Tulimzika kwenye mvua.

Kigali niliwasomea kikaratasi chake kwa simu, na Ijumaa skrini mpya ikafika, inchi kumi na tano kama alivyoandika yeye. Nilikuwa naingiza majina ya Kanama Kalisti alipoingia. Hakuwa na rungu.

"Jina ya mudogo yangu iko?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu. Mbele ya jina kuna sehemu ya sababu ya kifo, na pale nilikuwa nimeandika kwamba alipigwa risasi na washambuliaji.

"Na ya Faustini?"

"Nimeandika amepigwa."

"Amepigwa na nani?"

Nikaondoa kidole kwenye kibonye.

"Andika jina yangu."

"Kalisti, orodha hii inafika mpaka serikalini. Watakuja kukuchukua."

"Andika, dada. Mi nilimupiga. Mi nilimuua mutu bure."

Nikamwuliza jina lake la ubatizo na la baba yake. Akayataja polepole, herufi kwa herufi, nami nikayaandika. Alikuwa analia bila sauti, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma hata kidogo. Huenda itakuja. Kesho asubuhi napeleka orodha hiyo, nimeitia saini mwenyewe.

Msalimie baba mkubwa na shangazi yetu wa Omurushaka. Mjomba mwalimu mwambie vitabu vyake nimevipata. Watoto wako wabusu kila mmoja kwa jina lake. Niombeeni, na mwombeeni mjane wa Faustini na wanawe wanne walioko Goma.

Mdogo wako akupendaye,
Konsolata