Juni ya Thuwaini

Jumatatu, 5 Mei 2025

Makubadhi ya marehemu mume wangu bado yako chini ya kochi. Khawla anataka kuyatoa sadaka. Nimemwambia mwanangu yaache kwanza, hayamli mtu.

Leo kaja Msabah. Alikuwa mwanafunzi wa Thuwaini, sasa naye ni daktari wa uchumi, na ndiye anayekishughulikia kitabu cha marehemu. Mimi nipo eda ya mume, sionani na wanaume, kwa hiyo kakaa ukumbini na mimi nyuma ya pazia la chumba. Kapiga shikamoo kwa sauti kubwa, kama kwamba pazia ni ukuta wa ngome. Nimecheka kidogo. Mara ya kwanza tangu msiba, nadhani.

Kitabu kinakwenda kupigwa chapa. Miaka saba ya kazi! Namna pesa zinavyojaa na kukauka vijijini kwa wakulima wa mwani. Msabah anasema sura ya sita ndiyo wanayoililia watu. Ile inayosema msukosuko unakuja, pesa zitakauka Juni hii. Keshaisoma kwenye semina ya kumkumbuka, na redio wameitangaza.

Sura ya sita ndiyo Thuwaini aliyotaka kuiondoa kitabuni.

Nimesema tu ahsante baba, Mungu akulipe. Kahawa kaacha nusu kikombe, kama mwalimu wake.

Jumanne, 6 Mei

Nijikumbushe vizuri, nisije nikaongeza wala kupunguza.

Ilikuwa jioni ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Tulipanda juu ya paa, yeye na koti lake la baridi ingawa hakukuwa na baridi. Mapaa yote watu, wanaoneshana kwa vidole. Mwezi ukatokea, mwembamba kama ukucha. Watoto wakapiga kelele. Yeye akaketi chini. Nikadhani kifua kinambana. Halafu akacheka na kushika kichwa: Nadra, nimekwisha!

Alinieleza tukishuka ngazi. Alikuwa hodari wa kueleza. Wanawake wa Paje na Chwaka ukiwauliza mwani waliuza lini, hawakwambii Juni wala Julai. Wanakwambia Mfungo Mosi, Mfungo Pili, miezi inayohesabiwa tangu Idd. Mwaka wa kwanza wa utafiti, 2018, Idd iliangukia Juni. Basi Thuwaini akawatengenezea wanafunzi wake jedwali: Mfungo Mosi, andika Juni. Mwaka ule lilikuwa sawa. Lakini wakalitumia hilo hilo kila mwaka, na Idd kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mauzo ya Aprili yakaandikwa Juni. Miaka saba ya namna hiyo! Lile wimbi la pesa alilolichora, la kujaa na kukauka, halikuwepo. Lilikuwa kosa la jedwali.

— Mimi, mtoto wa Malindi, kasema, nnafunga tangu nna miaka saba, leo nimesahau kuwa mwezi unatembea!

Angeiondoa sura baada ya Idd. Idd hakuifika.

Hakuandika popote. Kaniambia mimi tu, kwenye ngazi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Khawla. Heri ningengoja ale kwanza.

Kasema baba alikuwa na homa, mama. Homa ilikuja wiki ya pili ya Ramadhani, nimemjibu, siku ile alikuwa mzima, alibeba ndoo ya maji mpaka juu. Kasema: nani atakuamini? Watasema mjane kachanganyikiwa. Na halafu, kwa sauti ndogo: michoro ya sura ile nimeichora mimi, mama. Jina langu limo.

Sikulijua hilo la jina. Alimwandika mtoto wake kitabuni, wala hakunambia.

Khawla kalia. Kasema nitamvunjia baba heshima, na yeye hayupo kujitetea. Nimemenya chungwa, maganda yote utepe mmoja, kama baba yake alivyokuwa akimmenyea alipokuwa mdogo. Hakulila.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa simu kutoka Paje. Wanu, mwenyekiti wa chama cha akiba cha wanawake wa mwani. Ndiye aliyekuja matangani na sabuni za mwani fuko zima.

— Bi Nadra, shikamoo. Eda vipi huko, hata kahawa wanakupa au wanakupa maji ya Zamzam tu?

Lakini hakuwa na raha. Kinamama wameisikia redio. Wote wanataka akiba zao kabla ya Juni, na Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo siku ya mkutano. Pesa hazimo! Zimekwenda kwenye kamba na mbegu, na boti moja ya kubebea. Wanu kasema: nnafanywa mwizi, Bi Nadra, na mwanangu wa kumzaa yumo kati yao! Nawaambia tulieni, wananijibu Profesa keshakufa, atudanganye apate nini?

Nimemwambia nitampigia. Nilipoiweka simu ikaanguka kwenye mchele.

Nimemkumbuka Thuwaini na muuza kahawa. Alikuwa akisema: mtazame, Nadra, vikombe sita, wanywaji ishirini barazani, na kila mtu anakunywa. Kwa sababu hawanywi kwa mpigo mmoja. Siku wakitaka wote pamoja watamwita mwizi, na hakuna kikombe kilichopotea. Ndivyo benki zinavyokufa, kasema. Kwa woga.

Basi ndivyo hivyo. Watachukua wote pamoja, chama kitakufa, na Juni kweli pesa zitakauka Paje. Halafu watu watasema Profesa aliona mbali!

Kosa lake litageuka kweli, na atasifiwa kwalo. Hiki ndicho kinachonikosesha usingizi.

Jumapili, 11 Mei

Msabah kaja nilipomwita. Nimemwambia yote, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha pazia mpaka kikakunjana.

Kasema, kwa adabu sana, kwamba maradhi humfanya mtu aitilie shaka kazi yake. Kasema bila sura ya sita ni kitabu cha bei za mwani tu, nani atakisoma? Kasema na yeye keshasimama mbele ya watu akaitetea.

Nimemwambia: usiniamini mimi, baba. Mimi sikusoma hayo. Chukua jedwali lenyewe, uliweke na Idd za kila mwaka, utazame.

Ataangalia, kasema. Kaondoka bila kuigusa kahawa.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Msabah mara mbili, hapokei.

Mvua toka asubuhi. Paa linavuja pale pale, juu ya kiti cha marehemu. Nimeweka beseni.

Alhamisi, 15 Mei

Ujumbe wa Msabah: Nimeangalia. Tafadhali Bi Nadra, tulizungumze baada ya kitabu kutoka.

Basi. Hakusema umekosea. Angekuwa ameona nimekosea angesema, tena kwa furaha.

Khawla kausoma begani kwangu. Kenda jikoni akaosha mchele nilioshaosha.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika huku simu iko mezani, wazi.

Wanu kapiga; jana nilimweleza yote. Wako uwanjani kwake, nasikia makelele, kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza. Mmoja anapiga kelele: nipe changu nikalale nacho! Mwengine anamjibu: kilalie, kitaangua vifaranga! Wanacheka, lakini kicheko kibaya. Wanu kasema amenitia kwenye spika, niiseme mimi habari ya jedwali, yeye wameshakataa kumsikia.

Nimemuuliza kuna wanaume? Kasema sheha wa kijiji yupo, na Msabah. Kinamama wamemwita awafafanulie Juni. Kafika asubuhi na gari ya abiria.

Sauti yangu mbele ya wanaume, na mimi eda. Na nikamseme mume wangu kuwa alikosea, uwanjani, mbele ya sheha. Yeye aliyekuwa hawezi kulala akikosea hata hesabu ya sokoni. Lakini huyo huyo alicheka, siku ile, kwenye ngazi. Aliona kosa lake akacheka.

Khawla kanitoa simu mkononi. Nikadhani anaikata! Kaiegemeza kwenye bakuli la sukari, akaketi karibu yangu, bega kwa bega.

— Waambie na michoro ni yangu, kasema. Anza na mwezi, mama. Kila mtu anaujua mwezi.

Wanu anawanyamazisha. Nimesikia kikohozi cha Msabah, kiko karibu na simu. Kasema, taratibu, Bi Nadra, nakuomba.

Wanu anaita: Bi Nadra! Upo?

Naam, nimesema.

Sasa wamenyamaza wote, hata yule wa vifaranga, wananingoja. Naiweka kalamu, naanza na mwezi —