Haujaamka

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu amepigwa ultrasaundi ya mgongo. Tangu aanguke bafuni hasimami mpaka ainuliwe. Nilidhani mashine ile ni ya wajawazito tu, naye, kama kawaida yake, akamwambia mtaalamu wa mazoezi ya viungo: "Mwanangu, ukiona mtoto humo usimwambie mzee. Atampa mtihani wa imla." Binti wa watu akacheka mpaka jeli ya kipimo ikamdondokea kiatuni.

Alilazwa kifudifudi, akaambiwa anyanyue mkono kidogo. Sisi tukatazama kwenye kioo cha mashine msuli mdogo unaoshikilia pingili za uti wa mgongo. Msuli wenye afya hujikaza kabla mkono haujanyanyuka. Kabla! Kama kiambishi awali: kisipotangulia, kitenzi hakisimami. Wa mke wangu ulibaki vilevile.

"Haujaamka," alisema mtaalamu.

Jibu safi. Hakusema "hauamki". Maisha yangu yote darasani niliipigania hiyo -ja-. Asiyefika na ambaye hajafika si mtu mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Binti yetu amekuja. Amesikia kwamba nilipomwinua mama yake kutoka kitini tulianguka wote wawili. (Mke wangu, pale pale sakafuni: "Haya, Mwalimu, nani sasa atamwinua mwenzake?") Binti hakucheka. Alisema mama asipoweza kusimama mwenyewe kufikia katikati ya Aprili, atamchukua kwake. Safari ya siku nzima. Chumba kidogo, kitanda kimoja.

"Baba, wewe utakuwa unakuja kutusalimia."

Utakuwa unakuja! Mimi, mgeni wa mke wangu.

Jumatano, 3 Aprili

Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni. Ananiita nyapara. Leo amejinyanyua kitini — kweli, amejinyanyua! Ilipatikana nafasi ya kupitisha mkono chini yake. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Kisha akarudi chini kwa kishindo, akashika kiuno.

Jumapili, 14 Aprili

Mabegi yako mlangoni. Binti ameyapanga kabla ya kipimo cha kesho.

Mke wangu ameniuliza kama najua sindano na uzi vinakaa wapi. Sijui. "Basi utafundisha watu sarufi huku shati liko wazi," akasema. Tukacheka. Halafu tukaacha.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido ya hospitali.

Picha ya leo ilionyesha weupe mtupu pale penye msuli. Nilifurahi! Nilidhani weupe ni heri. Mtaalamu akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: weupe ule ni mafuta. Msuli wenye afya huonekana mweusi. Huu neva yake iliharibika siku ile bafuni, na sasa mafuta yamekaa mahali pake. Mkono umenyanyuliwa tena na tena. Msuli haukujikaza hata chembe. Mazoezi yatamsaidia kuketi vizuri. Kusimama peke yake, hapana.

"Hautaamka, Mwalimu."

Alilitamka sawasawa. Sikuwa na cha kusahihisha.

Niliporudi ndani mke wangu alikuwa bado amelala kifudifudi, jeli mgongoni. Nikachukua taulo, nikamfuta. Akauliza, bila kugeuka, yule msichana amesemaje.

"Haujaamka," nikasema.

"Hauja-amka," akarudia polepole, kama mwanafunzi anayegawa neno. "Basi sindano zangu nakuachia. Nitazikuta."

Gari la binti liko nje, linanguruma. Yeye yumo chumba cha kipimo anamvalisha mama yake ndara. Nawasikia kutoka hapa. Mke wangu hazitaki. Anataka viatu vya kamba, vya kutembelea. Binti anamwambia, mama, jamani, utakuwa umekaa tu.

"Mwalimu! Njoo unifungie!"

Ananiita tena. Naiacha kalamu hapa, naenda kumfungia.