Mkaja wa Hasina

Alhamisi, 22 Mei

Mama ana siku nne hapa Irving na sanduku moja bado hajalifungua. La mdogo wangu Hasina, wa Houston. Nimemwuliza mna nini, akasema vitu vya mzazi tu. Pilipili manga, habasoda, udi. Na mkaja — ule mkanda mrefu wa kitambaa wa kufungwa tumbo ukishajifungua. Ule ule aliofungwa yeye aliponizaa mimi.

Jannat nilimzaa peke yangu, Hadiya vile vile. Mara mbili Mama alinyimwa viza. Siku ya tatu nilikuwa jikoni napika, tumbo nimelikaza kwa skafu. Hasina mimba ya kwanza tu — viza hii hapa! Na kwangu Mama kashukia kwa sababu ndege ya Houston ilijaa.

Nina wivu. Nimeshaandika, basi.

Ijumaa, 23 Mei

Mume wangu Shamsudin katazama hali ya hewa. Kesho radi, mvua ya mawe, huenda na kimbunga, njia nzima. Anataka tungoje Jumapili, hata yeye kuendesha anaogopa. Mama akamwambia, mwanangu yuko karibu kujifungua, baba, twende. Mwanangu! Na mimi nimesimama pale na sahani mkononi. Nikaosha vyombo kwa kishindo mpaka Jannat akauliza nimekasirika nini.

Moyoni naomba mvua inyeshe. Astaghfirullah. Si ya kumdhuru mtu, ya kutuchelewesha tu.

Alasiri, Mama akiwa anasali, nilifungua sanduku. Mkaja ulikuwa juu kabisa, ndani ya kanga, unanukia udi. Nimeuchukua. Sijui wa nini.

Jumamosi, 24 Mei, saa sita mchana

Corsicana, kituo cha mafuta. Naandikia chooni, ndipo nilipo peke yangu. Nimeufunga. Chini ya dera. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka saba, na mimi nimefunga mkaja. Sina haya kabisa. Unalegea kila nikikaa, maana sikufundishwa na mtu.

Garini Mama yuko mbele, simu sikioni tangu Irving. Hasina kala? Asilale chali. Asipande ngazi. Mimi sikuulizwa hata kama nataka maji. Mbele mbingu nyeusi, chini yake kama kijani. Shamsudin kapunguza mwendo.

Jumamosi, saa tisa

Hatujafika. Tulipopita Buffalo ya huku Texas mvua ya mawe ikaanza, kioo cha mbele kikapasuka, simu zote zikalia kwa pamoja: kimbunga. Tumekimbilia moteli ya kando ya barabara. Mwenye moteli akasema tuingie bafuni sote. Umeme hakuna. Mimi, Mama na wasichana ndani ya beseni la kuogea, Shamsudin kaegemeza godoro mlangoni, kalizuia kwa mikono miwili.

Hasina kapiga. Chupa ya uzazi imepasuka. Analia, anamwita Mama, mara mtandao ukakata. Mama hakulia. Kasema tu, mkaja uko garini, usije ukalowa.

Nikalivuta dera chini.

Paa likaanza kutikisika. Mama akanivuta, mkono kiunoni mwangu. Mkono ukasimama. Akapapasa, akafuata kitambaa mpaka kwenye fundo. Nikajua nimekwisha. Nikamwambia, Mama, mimi pia nilizaa. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka.

Nilingoja matusi. Akasema, umeufunga sivyo. Umebana juu, chini umeacha wazi. Hebu simama.

Kishindo kimepungua kidogo. Nimesimama ndani ya beseni, daftari nimeliegemeza ukutani, naandika huku Jannat kanimulikia. Sitaki hili linipotee. Mama kaufungua wote, anaanza upya kutoka nyongani. Anavuta kwa nguvu zote, goti lake nyuma yangu. Nalia. Kasema vuta pumzi ndani. Kasema, ulikaa siku ngapi kitandani? Nikasema mbili. Akasema, mbili, akavuta tena.

Simu yake inaita, sakafuni. Jina la Hasina linawaka. Shamsudin kasema, Mama, simu. Mama hajageuka. Kasema bado mizunguko miwili.

Jannat ananitazama mimi. Simu inaita bado. Ningeweza kuifikia kwa mguu.

Sijamwambia Mama apokee.