Moshi wa Udi Usoni kwa Bi Zuwena

Mama,

Leo nimemrudisha bibi yako nyumbani. Nimeiegemeza picha yake ukutani chumbani kwako, na mimi nimekaa kitandani pako, juu ya ile shuka uliyokuwa hutaki mtu aikalie. Hakuna wa kunifokea tena.

Tangu utuondokee kabla ya Ramadhani, nyumba hii ya Al Khoudh imekuwa kubwa mno. Khitma zimekwisha, sufuria za watu zimerudishwa, Kaka Nasor karudi kazini kwake. Mimi nimebaki na funguo zako na chetezo chako. Alhamisi alasiri nawasha mkaa, natia udi, kisha nasimama nacho mkononi sijui nianzie wapi. Wewe ulikuwa unajua. Ulianza na nguo, ukaja kwenye mapazia, halafu ukapanda ngazi mpaka ukumbi wa juu, mbali na chumba cha kusalia, alikotundikwa bibi yako, Bi Zuwena. Ukakishika chetezo chini ya picha mpaka moshi ukamfunika uso. "Na yeye apate," ukisema. "Alikuwa mpenda udi huyu."

Hapo tena ndipo kilipoanza kisa cha Mwingereza. Yule bibi wa Kiingereza aliyekuja Unguja na sanduku lake la rangi za mafuta, akaruhusiwa kuingia kwa wanawake kwa kuwa na yeye ni mwanamke, akamchora bibi yako angali bi harusi. Ulituigizia alivyokuwa: leso puani, mkono unapunga chetezo kitolewe chumbani, tena hasira zimempanda mpaka masikio mekundu. Watu wa nyumba walimuona hana adabu. Mgeni gani anakataa udi? Na wewe, miaka yote hiyo, ukawa unamlipizia kisasi kwa niaba ya ukoo mzima. "Mwingereza hayupo," ukimwambia bibi yako ukutani. "Jifukize."

Tulicheka sana, mama. Siku hizi sicheki.

Unakumbuka mwaka wako wa mwisho ulivyolalamika? "Simuoni Bibi usoni. Nna macho ya nini mie?" Tukakupeleka kwa daktari wa macho Ruwi, tukabadilisha miwani, tukabadilisha tena. Daktari akasema kwa umri wako macho hayana ubaya, na wewe ukasema huyo daktari mtoto, hajui kitu. Kumbe msahafu ulikuwa ukiusoma vizuri, na doa kwenye kanzu ya Kaka uliliona toka mlangoni. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwamba tatizo ni picha. Sisi tulizaliwa tukamkuta Bi Zuwena ni mama mweusimweusi, mwenye huzuni, ameinamisha macho, tukadhani ndivyo alivyochorwa. Wewe tu ndiye uliyemjua alivyokuwa zamani, ulipokuwa mtoto, kabla picha haijavushwa bahari kutoka Unguja kuja huku, imezungushiwa mkeka. Umekufa ukiamini macho yako yamekwisha. Hilo linaniuma mpaka nashindwa kula.

Msiba ulipopoa, Kaka Nasor aliipeleka picha kwa Bi Thuraya wa Madinat Sultan Qaboos, anayetengeneza picha kongwe, nami nikaenda naye. Bi Thuraya alichovya pamba kwenye dawa, akaipitisha polepole kwenye shavu. Pamba ikatoka na rangi ya chai iliyolala. Chini yake likatokea shavu la binti, maji ya kunde, lina uhai. Ni moshi, alisema, moshi wa miaka na miaka, na mafuta ya udi yananata. Hapo ndipo nilipomuelewa Mwingereza. Rangi zake zilikuwa mbichi. Maskini, alikuwa akiilinda kazi yake, na hakuwa na Kiswahili cha kutosha cha kusema hivyo.

Bi Thuraya akanipa ile pamba niitazame. Nikainusa. Mama, ulikuwa wewe. Khanga zako, shingo yako, kabati lako likifunguliwa asubuhi ya Idi. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, nikaibeba picha, nikasema haisafishwi.

Wewe hukupenda kupigwa picha. Tunayo ya pasipoti tu, na humo umenuna. Nikajiambia kwamba moshi huu ndio mkono wako, Alhamisi zako zote zimelala hapa, nani ana moyo wa kuzifuta? Kaka akanambia kwenye simu, "Unamzika Bibi ili mama abaki?" Nikamkatia. Tukanuniana, watoto wako wawili, watu wazima, yeye na ndevu zake, mimi na mvi zangu. Na Bi Thuraya alikwishanionya: ule moshi unaivuta rangi, kwenye paji la uso imeanza kupasuka, na ikianguka hairudi.

Nikawa napita ukumbini kila saa kuitazama. Siku moja nikajikuta nimesogea kama ulivyokuwa ukisogea wewe, pua karibu iguse kitambaa, ukifuta miwani kwa ncha ya mtandio, ukirudi nyuma, ukisogea tena. Hukuwa ukiutafuta moshi, mama. Ulikuwa ukimtafuta yeye. Nikaipakia garini mwenyewe. Bi Thuraya akaniuliza kama aniachie kipembe kimoja bila kufutwa, kiwe kumbukumbu. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia afute yote.

Basi sikiliza nikueleze alivyo. Ni mdogo! Binti tu, hajatimiza hata miaka ishirini. Ana kipini puani na hina mpya vidoleni. Hana huzuni hata chembe, na macho hayakuinama, yanamtazama Mwingereza moja kwa moja. Midomo kaibana kwa nguvu, mtu yeyote anaona kwamba anazuia kicheko, na yule Mwingereza aliyaona hayo yote akayachora. Si kazi ya mtu asiyempenda anayemchora.

Nimemnusa. Hana harufu yako tena, ni dawa tu. Nisamehe.

Mola akupe nuru huko uliko, mama yangu, na akuoneshe kila uliyekuwa na hamu naye. Nakuahidi wajukuu zako watamjua Bi Zuwena kwa sura, na nitawaambia wote, mmoja mmoja, yale tuliyotakiwa kukwambia wewe ungali hai. Macho yako yalikuwa mazima.

Mwanao,
Salma